Kamera Ndogo na Pango la Pweza

Kuna siku moja ya Likoni isiyonitoka kichwani, mwanangu, na juzi uliponijia na simu yako kunionyesha kamera za kupigia picha chini ya maji, siku hiyo ilinirudia nzima. Ulinifungulia kamera moja baada ya nyingine. Hii inaona vizuri penye mwanga hafifu, hii kasha lake linazama mbali zaidi, hii ni nzuri ila nzito. Mwisho ukaniuliza, "Babu, nichukue ipi?" Nikakuambia nitafikiri. Kusema kweli sikuwa nikifikiri. Niliingiwa na hofu, maana ulivyokuwa umekunja uso juu ya ile simu, niliona uso wangu mwenyewe wa ujana.

Nilikuwa kijana wa studio. Bendera bado ilikuwa ya Mwingereza, ingawa watu walishaanza kulitamka neno uhuru bila kugeuka nyuma. Kazi yangu ilikuwa Changamwe, kwa Bwana Karim mpiga picha, nikisafisha picha za wafanyakazi wa reli na bandari katika chumba cha giza. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu karatasi, na kila niliyoiharibu iliniuma siku nzima. Mteja angeitazama picha yake akacheka kwa furaha, nami ningekuwa nimekodolea macho alama ndogo pembeni ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Maradhi hayo sikupona, nakuambia usije ukadhani nimekuwa mtu mwingine.

Nyanya yangu, Bi Mwanakombo, mama yake mama, alikaa Likoni na maisha yake yote alikula kwa pweza. Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, alikwenda na wanawake wenzake hadi ukingo wa mwamba, fimbo mkononi, kuyachokoa mapango. Lake mwenyewe lilikuwa moja, alilorithi kwa mama yake. Lile halikauki kamwe. Mlango wake uko ubavuni mwa mwamba, umeelekea kilindini, na mwanamke husimama juu na maji ya kiuno, akaipitisha fimbo kwa chini akipapasa. Akihisi fimbo imeshikwa, ndipo kazi huanza. Ukimtoa pweza mmoja, baada ya muda mwingine huhamia. Miaka yote ile Nyanya alilijua pango lake kama mtu anavyoujua mfuko wake gizani, na hakupata kuliona.

Kisha magoti yakamwangusha, na macho yakafuata. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema maradhi yako ndani, kwenye mshipa wa jicho, hapana miwani wala kisu cha kuyarudisha yaliyokwisha kwenda. Tulipokuwa tukirudi kwenye feri alinishika mkono.

"Wewe ni mtu wa picha," akasema. "Nenda kanipigie ndani ya lile pango langu. Nataka nimwone mwenye nyumba kabla sijafungiwa macho."

Nilimwambia inshallah, na nilikuwa namaanisha. Kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko kazi yoyote niliyopata kupewa, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Bwana Karim alikuwa na kamera mbili za kuweza kuingia majini, alizoachiwa na Mzungu mmoja wa pwani ya Shanzu aliyerudi kwao. Moja ilikuwa kubwa, ya kupendeza, na kasha lake la shaba nzito lenye vishikizo kila upande, kwa hivyo chochote ulichotaka kubadilisha kwenye kamera ungekibadilisha ukiwa ndani ya maji. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni. Kasha lake lilikuwa la plastiki ngumu, angavu kama kioo, lina kishikizo cha kupigia na kingine cha kuivuta filamu, basi. Mwanga na umbali ungeviweka kabla ya kufunga, ukishazama ni hivyo hivyo. Bwana Karim alinipa ruhusa nichukue niitakayo.

Nilishindwa, mwanangu. Ile kubwa ingetoa picha safi zaidi, lakini ningeizamisha au ingenizamisha? Ile ndogo ilikuwa nyepesi, lakini je, kama umbali niliouweka haukuwa sawa? Nilisoma kila jarida lililopita pale studio. Nikajua kwamba ndani ya maji vitu huonekana vikubwa na karibu kuliko vilivyo, na nikawaza, nipime umbali ulio kweli au ule unaoonekana? Nikajua maji huila nuru, nikawaza aina ya filamu. Nikaona tangazo la kasha la tatu, la mpira, linaloagizwa ng'ambo, nikatamani kulingoja hilo.

"Kijana," Bwana Karim akaniambia siku moja, "utakapokuwa kule chini pumzi imekwisha, vishikizo vyote hivi utazungusha kipi?"

Nikasema nafanya mazoezi.

"Fanya. Pweza naye anangoja, hana kazi nyingine."

Nyumbani Nyanya aliniuliza habari za picha kila nilipomwamkia. "Marahaba. Iko wapi?" Nami ningemweleza uzuri wa kasha la shaba na ubaya wake. Alisikiliza mara ya kwanza, ya pili, halafu akachoka. "Wanunua kamera au waposa?" akaniuliza mbele ya jirani yetu Bi Mishi, aliyekuwa mdogo wake katika kazi ya pweza na ndiye aliyeachiwa lile pango. Bi Mishi alicheka hadi akajifunika uso kwa leso. "Mwache dada, labda bado wanamchunguza ukoo."

Nilicheka nao, lakini niliumia. Nilijiona mimi ndiye pekee ninayelichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Kumbe bahari ilikuwa ikinipita. Siku za kaskazi, maji yanapokuwa maangavu, zilikuwa zikiyoyoma, na bamvua baada ya bamvua nilikuwa Changamwe napangusa lenzi.

Asubuhi moja Nyanya alinimiminia chai. Birika lilikuwa sawa, mkono ulikuwa thabiti, na chai yote ikamwagika mkekani kando ya kikombe. Hakushtuka. Alisikiliza inavyodondoka, akaliweka birika chini.

"Dunia imebaki kama tundu la ufunguo," akasema. "Nikitazama kikombe, birika silioni. Nikitazama birika, kikombe kimeondoka." Kisha akanigeuzia uso, akanitafuta kwa ule upenyo mdogo uliomsalia hadi akanipata. "Wewe wanitafutia picha safi, mjukuu wangu. Mimi nataka picha."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Nilikwenda Changamwe nikachukua ile ndogo. Bamvua iliyokuwa ikija ndiyo ya mwisho kabla ya masika kuyachafua maji, na hilo lilinikatia shauri. Lakini kitu kimoja sikukiruka, nawe usikiruke. Nililifunga lile kasha tupu, nikatia ndani karatasi ya kunyonya wino na jiwe la kulizamisha, nikalishusha majini kwa kamba. Lilipotoka karatasi ilikuwa imelowa pembe moja. Nikaukagua mpira wa kuziba kwa kidole, taratibu, mzunguko mzima. Ulikuwa unywele. Unywele wangu mwenyewe, umelala juu ya mpira. Nikaupangusa mpira, nikaupaka mafuta kidogo, nikalishusha tena, na karatasi ikatoka kavu. Ndipo nilipoitia kamera.

Bi Mishi alinipeleka mwambani maji yalipokuwa yamepwa, jua linakaribia kusimama utosini. Alinionyesha pale pa kushukia kwa ncha ya fimbo.

"Fanya upesi," akasema. "Ukishampamba bwana harusi wako, nipishe. Mimi nataka kitoweo."

Nilivaa miwani ya kupigia mbizi nikashuka kando ya ukuta wa mwamba. Mwanangu, nilikuwa nimeitazama bahari ile tangu nizaliwe, na wallahi sikujua nilichokuwa nikikitazama. Ukuta wote ulikuwa hai. Matumbawe yalikuwa kama vichaka, samaki wanaingia na kutoka kama watu wenye shughuli zao, na nuru inacheza juu ya kila kitu bila kutulia. Picha ya kwanza niliipigia mbali kwa woga, ya pili nikatimua mchanga kwa miguu. Nikapanda, nikavuta pumzi, nikashuka tena polepole, nimejivuta kwa mkono mmoja.

Nikaliona pango. Mlangoni palikuwa na magamba ya kaa na makombe, yamesukumwa kando kama uchafu wa jikoni unavyosukumwa na mtu aliyemaliza kula. Ndani palikuwa na giza, kisha giza likageuka rangi. Lilikuwa la kijivu, likawa la udongo mwekundu, likaota vipele kama mwamba wenyewe, na katikati yake likafunguka jicho. Ufito mmoja mweusi, umelala, na dhahabu kuuzunguka. Lilinitazama. Sijui namna ya kukueleza hili. Nimetazamwa na samaki, nimetazamwa na paka. Huyu alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi, akitaka kujua nimefuata nini.

Nilisahau mwanga, nilisahau umbali. Nilisogea hadi karibu kumgusa, nikabonyeza.

Nilipotoka juu sikuweza kusema. Bi Mishi alikuwa ameshainua fimbo. "Una nini? Umeona jini?" Nikamvulia miwani, nikampa. Alisita, akafunga leso zake vizuri, akainama, nami nikamshikilia mkono asichukuliwe na maji. Alikaa na uso majini kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akatoka kupumua, akarudi. Halafu akaanza kutembea kuelekea pwani, mikono mitupu, akisema maji ya leo si mazuri.

Picha ile moja ilikubali. Imeinama upande, na kona moja imeingia kivuli cha kidole changu. Nikaikuza kwa karatasi kubwa kuliko zote za studio, kwa sababu nilitaka Nyanya apate heshima yake, nikaipeleka Likoni nimeiviringisha kama ramani.

Aliishika karibu na uso. Akaizungusha. "Naona jiwe," akasema. Kichwa kikasogea. "Naona ngozi. Hapa ni nini, kombe?" Alikuwa akiisafiri ile karatasi kipande kwa kipande, na kila alipokipata kimoja kingine kilimpotea. Pweza mzima hakuwemo. Nilisimama pale nikaelewa kitu ambacho birika la chai lilikwisha kuniambia. Miezi yote ile nilikuwa nikihangaika juu ya lenzi na makasha na filamu, na hata siku moja sikumwuliza yeye, Nyanya, macho yako yaliyobaki yanaona kiasi gani?

Nilikuwa na nakala ya majaribio mfukoni, ndogo, kadiri ya kiganja, ambayo hupigwa kwanza ili kuona weusi na weupe. Sikukusudia kumwonyesha mtu. Nikamtia mkononi.

Aliinyoosha mbali, mkono wote, akatafuta. Kisha mkono ukatulia. Bi Mishi, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, naye akaacha.

"Hili jicho?" Nyanya akauliza.

"Ndiyo, Nyanya."

Midomo ilikuwa wazi kidogo kama ya mtoto. "Subhanallah. Kumbe alikuwa akinitazama." Akaisogeza karibu, akairudisha mbali. "Umri wangu wote nachokoa juu ya paa lake, naye yumo ndani anitazama kwa katundu kake. Kama mimi nnavyowatazama nyinyi sasa." Halafu, bila kuiondoa picha machoni, "Mishi, ulimchukua?"

"Sikuweza, dada. Nilishamwona uso."

"Hukuweza!"

"Siku ile. Bamvua ya pili nilichukua mwingine, sasa tule nini?"

Nyanya alicheka mpaka machozi yakamtoka katika macho yale yale. Alipomaliza aliifunga ile picha ndogo katika pindo la leso yake, na ile kubwa akaniambia nimpelekee Bwana Karim aitundike. Uhuru ulipofika alikuwa haoni tena. Ngoma alizisikia tu, na bendera nilimweleza rangi zake mimi. Picha aliendelea kuitoa, akiipapasa kwa kidole gumba, na kumweleza kila mgeni kilichomo. Hakukosea hata siku moja.

Basi hili ndilo jibu langu, mwanangu. Chukua ndogo, ile ambayo kidole chako kitaipata bila kuitafuta wakati pumzi inakwisha. Kasha lizamishe tupu kwanza, na upanguse mpira hata kama ulipangusa jana. Sogea karibu, halafu sogea tena. Lakini kabla ya hayo yote jiulize picha hii ni ya nani, uende ukamwulize yeye anaona nini, kwa kuwa mimi nilikaribia kumpoteza mtu wangu nikimchagulia kilicho bora. Na ukiogopa kukosea, ogopa ukiwa njiani. Nami naogopa hadi leo, na bado nakwambia nenda, kaskazi haikai.

Mola akufungulie maji yawe maangavu mbele yako, akurudishie pumzi yako kila uzamapo, akuoneshe vile alivyovificha ukistaajabu kama nilivyostaajabu mimi, na utakapotoka juu umekosa la kusema, akukutanishe na mtu anayekungoja aone. Amina.