Mind map iliyookoa ndoa yangu: siku ukoo wetu ulipoonekana kwenye TV ya mjomba, Mlowo

Wakuu, habari za muda huu. Mlioko ofisini jifanyeni mnajibu email, mie nawasimulia.

Haya yamenitokea mwenyewe. Nikiongeza chumvi mahali mtaijua tu, maana huwa naimwaga kwa koleo. Ila kiini chake sijakigusa.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Tunduma, na form four nimeipata kwa masomo ya jioni. Mchana nahangaika na makaratasi ya malori pale mpakani, jioni Biology. Mkoa wa Songwe ulikuwa bado haujakatwa kutoka Mbeya.

Mwalimu wetu wa kompyuta alipochoka kuniona nimelalia notes, akanipa flash yenye software moja ya bure ya kuchora mind map. Jina sitaji, mods wasije wakasema natangaza biashara.

Kwa asiyeijua: unaandika jambo kuu katikati, halafu yanatoka matawi, kila tawi linazaa vitawi vyake. Tawi usilolitaka unalikunja, ukilihitaji unalikunjua. Unapaka rangi. Unashika kitu huku unakivuta kule.

Wakuu, mfumo wa damu ulionishinda mwaka mzima niliumeza jioni moja, kabla chai haijapoa.

Basi nikawa mwehu. Nikawa nachora kila kitu. Safari za malori, bajeti ya mboga, hata ugomvi wangu na mwenye nyumba ulikuwa na matawi na rangi zake. Laptop yenyewe ni mtumba wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nzito kama gunia la mahindi. Feni yake ikiwaka, kuku wa jirani wanakimbilia ndani wakidhani mvua imefika.

Sasa tuje kwa Sekela.

Sekela ni binti wa Iyula, kwao wanalima kahawa. Tulikuwa tumekubaliana siku nyingi na mshenga wangu alishafanya kazi yote. Mshenga ni bosi wangu, Bwana Rajabu, msafirishaji, mtu wa pwani aliyekuja Tunduma kwa wiki moja akasahau kuondoka. Kilichobaki ni kikao kimoja tu cha kupanga tarehe ya ndoa.

Kikao kikafanyika Mlowo, kwa mjomba wake Sekela, mnunuzi wa mahindi. Sebule yake ina TV bapa kubwa kiasi kwamba mpira ukichezwa unaona hadi jasho la refa.

Upande wetu baba alikuwepo, lakini msemaji ni dada yake mkubwa, Shangazi Meri. Huyu hakukua pamoja na baba. Babu yetu alikwenda kwenye migodi ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka, baba akazaliwa hukohuko, shangazi akaachwa Itaka kwa bibi yake. Kwa hiyo mambo ya ukoo upande huu wa mpaka yeye ndiye anayeyajua, na hataki kusaidiwa.

Tukatambulishana vizuri. Wali ukaliwa. Mjomba akasema kwa kujivuna kwamba Sekela ni mjukuu wa Mzee Chisenga.

Shangazi akaweka soda chini.

"Chisenga yupi?"

"Wa Iyula, shangazi. Marehemu baba yangu."

"Aliyekuwa anakuja Itaka na baiskeli, mguu mmoja anauburuta kidogo?"

"Huyohuyo. Kumbe unamfahamu."

"Simfahamu, ni babu yangu. Nimekaa mapajani kwake nikila ndizi zake. Baba yetu mimi na huyu," akamnyooshea baba kidole, "na sisi wote ni uzao wa Chisenga. Hawa watoto ni ndugu. Hakuna ndoa hapa."

Wakuu, kwa sisi Wanamwanga, na kwa Wanyiha, kina Sekela, ni vilevile, ndugu wa damu haoi ndugu yake. Hakuna kusema ni wa mbali. Bwana Rajabu, ambaye kwao binamu kuoana ni sherehe kama nyingine, akajaribu kutusaidia.

"Jamani, hata kama ni undugu, si umeshapoa?"

Alitazamwa hadi akaomba maji ya kunywa.

Mjomba anaanza kuwaza jinsi ya kutuaga kwa heshima. Kila mtu anataja jina la babu yake kwa sauti, Chisenga huku, Chisenga kule, kama mnada.

Ndipo Sekela akatokea mlangoni na sinia la vikombe. Hakumtazama mtu. Akaniambia mimi tu, "Ile mashine yako iliyochora mfumo wa damu, watu haichori?"

Huyu ndiye aliyekuwa ananicheka kila nikimwonyesha mind map zangu. Alikuwa akisema naoa laptop, yeye ni msimamizi wa ndoa.

Laptop ilikuwa garini kwa Bwana Rajabu, maana mimi na mashine hiyo hatuachani. Mjomba akaleta waya, tukaunganisha kwenye TV. Nikafungua ukurasa mtupu, katikati nikaandika UKOO.

Wakuu, sijawahi kuona wazee wakitulia vile. Nikaandika jina la baba, likatokea ukutani. Nikaandika Shangazi Meri. Akasogeza kiti.

"Mbona mimi niko chini yake? Nani alizaliwa kwanza?"

Nikamvuta nikampandisha juu. Akaitikia kwa kichwa, karidhika. Kuanzia hapo kila mtu anataka kuingia kwenye TV.

"Mimi umeniacha, kijana," akasema mjomba.

"Unakuja, mjomba."

"Na hiyo rangi ya kijani nibadilishie. Nina wateja wa vyama vyote."

Nikampa kahawia. Hata Bwana Rajabu, asiye na tone la damu yetu, alitaka kijisanduku pembeni, nikampa, nikaandika Mshenga.

Upande wa kushoto ukapanda: mimi, baba, babu wa Kitwe, kisha baba yake, Chisenga. Upande wa kulia: Sekela, mama yake, kisha Chisenga. Ikabaki kuunganisha.

Nikamshika Chisenga wa kushoto nikamvuta kwa Sekela. Akaenda, lakini kwangu akang'oka. Nikamrudisha. Kwa Sekela akapotea. Nikamvuta tena.

Software ile ina tabia moja: kila kitu kinaning'inia kwenye tawi moja tu. Huwezi kukitundika pawili.

"Huyo babu mbona hatulii?" akauliza baba.

"Mashine yako mbovu," akasema shangazi. "Babu ni mmoja."

Sasa pale pembeni, kwenye mkeka, alikuwepo bibi yake Sekela, mjane wa huyo Chisenga wa Iyula. Muda wote kelele zinapigwa hakusema kitu, na kusema kweli hakuna aliyemwuliza. Alikuwa anaangalia TV tu, kama wengine.

"Mjukuu wangu," akaniita, "hapo juu ya Chisenga hujaandika mtu. Andika baba yake, labda atatulia."

Shangazi akawahi. "Baba yake ni Simutowe, wa Itaka."

Bibi akacheka polepole. "Mume wangu baba yake ni Mwamlima. Kazikwa Iyula, nyuma ya kahawa zetu. Nimempalilia kaburi mwenyewe."

Nikaandika majina yote mawili, Simutowe kushoto, Mwamlima kulia. Kila Chisenga akapata baba yake. Hakuna aliyeng'oka tena.

"Ni wawili," akasema baba.

Bibi ndipo akaeleza. Chisenga wa Itaka na mumewe walikuwa marafiki wa kulima pamoja, mmoja mtu mzima, mwingine kijana. Yule mkubwa alipofariki, wanawe walikuwa migodini. Na kwetu jina la mtu mzima haliachwi lizikwe naye, siku ya kumaliza msiba lazima apatikane wa kulivaa. Wazee wakamvika yule kijana jina, alishike mpaka wenye jina warudi. Tangu siku hiyo watoto wa marehemu wakamwita baba, wajukuu wakamwita babu. Naye akawa anawatembelea na baiskeli na ndizi, kama babu.

"Kwa hiyo Meri hakusema uongo," bibi akamalizia. "Kweli ulikaa mapajani kwa babu yako. Ila damu ni nyingine."

Shangazi alikuwa anamtazama yule Chisenga wa kulia, kisha wa kushoto. Huyo wa kushoto, babu yake wa damu, hakuwahi kumwona maishani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alijua.

Wazee wakatoka nje kushauriana, maana jina nalo si kitu cha kupuuza. Mimi na Sekela tukabaki tunatazamana kupitia TV. Kuna watu wamesubiri matokeo ya form four, hawajasubiri kile.

Waliporudi, akasema bibi.

"Mume wangu aliambiwa ashike jina mpaka wenyewe warudi. Akazeeka nalo, hawakurudi. Leo mtoto wao kaja mwenyewe hadi mlangoni. Mpeni jina lake, na kijana wake mpeni mke."

Wakapanga upande wetu utoe kuku mmoja na jembe moja, jina lirudishwe kwa baba mbele ya watu, kisha ndoa. Shangazi Meri akasema jembe atanunua yeye.

Nikataka kuzima laptop. Akanizuia.

"Usimwache yule mwingine peke yake, mukwai," akaniambia, na hilo ni neno la heshima la ng'ambo, halitoi ovyo. "Alinilea."

Nikatafuta kwenye menu. Kumbe ile software ina mstari mwingine, wa vitone, wa kuunganisha vitu visivyozaliana. Nikauvuta kutoka kwa Shangazi Meri hadi kwa Chisenga wa Iyula. Akauangalia sana.

"Hivyo," akasema. "Sasa zima."

Basi wakuu, nilichojifunza: kichwani mwa watu wengi jambo linaweza kuwa fujo kwa sababu kila mmoja ameshika kipande chake. Kiweke mahali wote wanakiona, na pengo litajionyesha lenyewe. Na ukishachora, mwulize aliyekaa kimya.

Sekela anawasalimu. Bado anasema yeye ni msimamizi, ila faili la UKOO analiongeza yeye sasa, mimi hata password kanificha.

Wenye ujuzi wa programu hizi shusheni vitu hapo chini, mnazitumia kwa kazi gani? Na ambaye kwao kuna mtu wa mstari wa vitone, atusimulie habari zake.