Selpha na Herufi Iliyohama

Eldoret, Juni 1988

Saa moja na robo asubuhi, ukungu bado umelalia mabati ya ofisi ya kanisa. Selpha Nasambu anakunja mikono ya sweta, anainamisha kichwa kwa sala fupi, kisha anawasha kompyuta. Anaandika, bila kutazama vidole: Mungu awabariki.

Kwenye kioo panatokea: ?ungu qzqbqriki

Anafuta. Anaanza tena.

Kompyuta hii ilitolewa na marafiki wa kanisa walioko Ufaransa, na vitufe vyake vimepangwa Kifaransa. Mahali pa A pamekaa Q, mahali pa W pamekaa Z. M imehamia mwisho wa mstari wa kati, na ilipokuwa, ukibonyeza herufi kubwa, hutoka alama ya kuuliza.

"Kiswahili bila A na M ni nini?" anauliza Selpha, mwenye miaka arobaini na saba. "Hata wanawake wamekuwa zqnqzqke."

Alijifunza taipureta katika masomo ya jioni, akiwa tayari mama wa watoto wanne. Mwalimu aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili vidole vijue njia vyenyewe. Vikajua. Kwa miaka kumi na tisa alipiga maneno hamsini na mawili kwa dakika. Sasa hupiga ishirini na moja.

Ijumaa hii atapimwa mbele ya kamati. Asipofikisha thelathini na tano, atahamishiwa stoo ya vitabu vya nyimbo, na kiti chake kitapewa mwingine. Taipureta yake imeshapelekwa Turbo, kwa kanisa dogo la huko.

"Sikatai stoo," anasema polepole. "Ni kazi ya Bwana pia. Lakini barua za wagonjwa, za wafiwa, zote zimepita mikononi mwangu. Nimechoka, lakini hizo sijazichoka."

Kipyego, tarishi wa ofisi, anaingia na birika la chai.

"Mama Selpha, leo Mungu yuko, ama bado ni swali?"

"Wewe nyamaza. Ni wewe uliniharibia wiki nzima."

Kipyego anacheka kwa aibu. Alikata vipande vya karatasi, akaandika herufi kama zilivyokuwa kwenye taipureta, akavibandika juu ya vitufe kwa gundi. Selpha alibonyeza A mpya. Ikatoka Q ileile.

"Nilidhani mashine itasoma karatasi," anajitetea.

"Ulibadilisha kibao cha duka, duka likabaki lilelile."

Tangu hapo Selpha hufika mapema na kuandika neno Mungu mara mia, kitambaa cha jikoni kikiwa juu ya mikono yake, kama zamani. Kidole kidogo cha kulia, kinachoitafuta M, kimevimba.

Anamaliza ukurasa na kusugua macho. "Kipyego, nisomee. Mimi sioni tena."

Kipyego anainama. "Mungu awabariki. Mungu awabariki. Yote iko sawa, Mama."

"Hakuna swali?"

"Hakuna. Lakini hapa juu, mwaka umetoka alama tupu."

Selpha anashusha pumzi. Kwenye mashine hii, hata tarakimu hazitoki bila kushikilia kitufe cha herufi kubwa.

"Basi Mungu nimempata," anasema, akirudisha kitambaa juu ya mikono. "Kabla ya Ijumaa, nitautafuta mwaka."