Nilitupa Ziwani Kimfuko cha Baba Bila Kukifungua

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili asije mtu akanionea huruma kabla hajasikia. Sikulewa, sikulazimishwa, sikuwa mtoto. Nilikuwa mama mzima wa watoto watatu, mwenyekiti wa kwaya, nimevaa sare ya zambarau iliyopigwa pasi ikanyooka. Na nikafanya jambo ambalo hadi leo nikiona maji mengi napita njia nyingine.

Jina sitaji. Kaka zangu nao husoma visa kama hivi, na hili hawalijui.

Nimeolewa Kahama, naishi Nyahanga, ila kwetu ni Didia. Baba yangu alikuwa mcheza ngoma. Siyo wa kupita njia, la! Alikuwa manju, yule anayetunga na kuongoza nyimbo huku wenzake wakiitikia na kurusha majembe juu na kuyadaka. Ujana wake aliumalizia kwenye mashimo ya dhahabu Geita, akiponda mawe, na vumbi la huko likamwachia kifua kibovu. Alirudi nyumbani na kikohozi. Dhahabu waliondoka nayo wengine.

Kwetu kulikuwa na kimfuko cha ngozi ya mbuzi, cheusi chenye baka jeupe, kilichoning'inia juu ya kitanda cha baba. Ndani yake ilikaa samba, yaani dawa ya ngoma, ile ya kuvuta watazamaji na kuwalegeza wapinzani. Watoto tulikatazwa kukigusa. Nikiwa na miaka saba nilikishika. Sikukifungua jamani, nilikishika tu! Nilichapwa mpaka mama akaja kuniamulia.

Nikakua, nikaolewa, nikaokoka. Kanisani kwetu ngoma za majembe zilikuwa zinasemwa kila Jumapili kwamba ni kazi ya mapepo, na mimi binti wa manju nilikuwa nakaa benchi la nyuma nikijikunyata. Siku moja wakaita watu wa ushuhuda. Sijui kilichonisukuma. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikasema nimefunga na kuomba siku saba, na baba yangu ametupa dawa zake zote na ameacha ngoma.

Uongo mtupu! Sikuwa nimefunga hata kifungua kinywa. Lakini watu walilia, wakanikumbatia, na kabla mwaka haujaisha nikawa mwenyekiti wa kwaya. Tangu siku hiyo sikumkaribisha baba Kahama. Kila akipiga simu kusema anataka kuja kuwaona wajukuu, nilikuwa na sababu. Mara watoto wana mitihani, mara nyumba inapakwa rangi. Nyumba yenyewe hadi leo haijapakwa rangi.

Sasa ikaja safari. Kwaya yetu ilialikwa Ukerewe kwenye mkutano wa injili. Tulikuwa watu sitini na kitu, tukafika bandarini Mwanza asubuhi na kinanda chetu, spika zetu na masufuria yetu. Tukaipanda meli tukijiona ni yetu.

Kumbe si yetu! Tukiwa bado tunapanga mizigo, tukasikia ngoma zinakuja. Kundi zima la wacheza ngoma, wengi kuliko sisi, wana majembe mabegani, shanga, njuga miguuni, wanapanda na wao. Walikuwa wanakwenda kisiwani huko huko, kwenye mashindano yaliyokuwa yanaanza mchana wa siku hiyo.

Yaliyofuata ni aibu. Sisi tukafungulia spika. Wao wakapiga ngoma. Sisi tukapandisha pambio, wao wakapandisha njuga. Abiria wengine walibanwa katikati wameziba masikio. Mama mmoja mwenye madumu yake matupu akasimama akatufokea wote: "Na sisi tuliokuja kusafiri tu tukae wapi? Juu ya nanga? Nauli tumelipa sawasawa!"

Baharia mmoja akaja kuamua. Kwaya juu, ngoma chini karibu na injini. Tukapiga vigelegele kana kwamba tumeshinda vita. Mimi ndiye niliyeanzisha.

Meli haijaenda mbali, nikaona mzee anapanda ngazi taratibu, ameshika ukuta, anahema. Alikuwa baba yangu. Moshi wa injini kule chini ulikuwa umemkaba, amekuja kutafuta hewa. Aliponiona uso wake wote ulifunguka. Alikuwa hajaniona kwa muda mrefu, na sababu mnaijua.

"Mwangaluka, mayu!" akanisalimu kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa ya kufurahi. Mayu, yaani mama, ndivyo alivyokuwa akiniita tangu utotoni.

Kwaya nzima ikageuka. Mwalimu wetu wa kwaya, kijana mwenye bidii na macho makali, akamtazama baba kuanzia njuga za miguuni hadi shanga za shingoni, halafu akanitazama mimi.

"Mama mwenyekiti, unamfahamu huyu mzee?"

Nikasema, "Hapana. Simfahamu."

Ndugu zangu, nilitamka hivyo! Mdomo huu huu. Mzee aliyenibeba mgongoni kutoka Didia mpaka zahanati nilipougua surua, nikasema simfahamu.

Baba alisimama kidogo. Alimtazama mwalimu, akazitazama zile sare, akanitazama mimi. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, baba yangu, alikuwa mwepesi wa kuelewa. Akainamisha kichwa akasema kwa Kiswahili, "Nisamehe mama. Nimekufananisha."

Akageuka akashuka tena kwenye moshi.

Hapo ningeweza kumkimbilia. Ngazi zilikuwa hatua chache. Badala yake nikaingiwa na hofu kwamba watu wameona jinsi tulivyofanana, maana pua yake ndiyo hii ninayo. Na mwalimu alikuwa bado ananitazama. Akasema wale watu wana nguvu za giza, ndiyo maana pambio zetu hazipandi, na lazima madhabahu yao ivunjwe kabla hatujafika nchi kavu.

Mimi nikajibu haraka kuliko wote. "Nguvu zao ziko kwenye kimfuko cha ngozi cha yule mzee. Roho amenionyesha."

Roho gani! Nilikuwa nakijua kile kimfuko kuliko sare niliyovaa. Nilikuwa nimekiona dakika ile ile kimefungwa kwenye mpini wa jembe lake, chini ya ngazi, kamba yake ile ile, baka lake lile lile.

Wakaanza kuomba kwa sauti. Mimi nikashuka.

Wenzake wengi walikuwa upande wa pili wanakula. Baba alikuwa amekaa peke yake, ameegemea ngoma, macho amefumba. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Niliisikia, sitawadanganya. Nikasema moyoni, ni kile kikohozi chake cha siku zote.

Nikafungua kamba iliyokifunga kwenye mpini, nikakichukua. Kilikuwa chepesi. Ndani niligusa kitu kigumu, kifupi, kilichopinda. Nikajua ni pembe ya dawa. Nilikuwa naogopa, siyo dhambi ninayoifanya, ila zile fimbo za utotoni! Mtu mzima nimezaa, nimeokoka, namkemea shetani kila Jumapili, lakini kukifungua kimfuko kile sikuthubutu.

Nikapanda nacho juu nimekiinua. Nikakitupa ziwani mbele ya kwaya yote. Kikaelea kidogo, kikazama. Walishangilia! Mwalimu akanishika mkono akaniambia mimi ni shujaa wa imani, na mimi nikatabasamu.

Tulifika, kila kundi likaenda njia yake. Wao walipelekwa moja kwa moja uwanjani, sisi kanisani. Wakati wa kushuka nilimwona baba kwa mbali, anapapasa mpini wa jembe lake, anatazama chini, anapapasa tena. Nikageuza uso.

Jioni jua bado lipo, tunafanya mazoezi nje ya kanisa, nikamwona mzee Masanja anakuja. Huyu alicheza ngoma na baba tangu wakiwa vijana, na ananijua toka nimezaliwa. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alipita katikati ya kwaya bila kuuliza mtu.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "baba yako hayupo tena."

Mwalimu akaacha kupiga kinanda.

Masanja akanieleza, na wote wanasikia. Uwanja ulikuwa mkavu, vumbi linapanda kama moshi. Baba aliongoza wimbo wa kwanza, wa pili akaanza kubanwa. Akaanguka na jembe mkononi. Walimpakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali, akakata roho njiani.

"Kifua," Masanja akasema. "Ile dawa yake ya pumu, ya kuvuta mdomoni, ilipotea melini. Nikamwambia twende dukani kwanza tukanunue nyingine. Akasema watu wanasubiri, atanunua akimaliza kucheza. Alikuwa anaiweka kwenye kile kimfuko cha ngozi."

Nikasema, au nilipiga kelele, sikumbuki, "Kile si cha samba?"

Masanja alinishangaa. "Samba? Samba aliimwaga zamani. Watu walimletea habari kwamba umesimama kanisani kwenu Kahama umesema ametupa dawa. Tukamcheka. Yeye hakucheka. Alisema, basi nikiwa nayo, mtoto wangu atakuwa mwongo. Akaimwaga nyuma ya zizi, mimi nikiwepo. Ngoma alishindwa kuiacha, alisema jembe halina dhambi. Walipompa ile dawa ya kifua kule hospitali ya Kolandoto, akaiweka humo, maana alisema watoto hawawezi kukigusa."

Nilikaa chini kwenye mchanga na sare yangu ya zambarau.

Kitu kigumu, kifupi, kilichopinda. Ndicho hicho! Wenye watoto wa pumu wanakijua kile kikopo. Kama ningelegeza kamba ya mdomo wa kimfuko kwa kidole kimoja tu ningekiona.

Tulirudi na meli ile ile, makundi yote mawili. Ngoma hazikupigwa, spika hazikufunguliwa. Hakuna aliyetugawa tena juu na chini. Waliobeba jeneza waliliweka chini karibu na injini, nami nikakaa hapo kwenye moshi mpaka Mwanza. Nilikohoa njia nzima. Yule mwalimu alikuja akachuchumaa karibu yangu akaninong'oneza, "Usijilaumu, mama, hukujua." Nilitaka kumsukumia majini. Halafu nikakumbuka kwamba mkono uliotupa ulikuwa wangu.

Tulimzika Didia. Kaka zangu waliambiwa na wacheza ngoma kwamba kimfuko kilidondoka ziwani kwa bahati mbaya. Kwaya ilikuja, ikaimba, na wote waliona mimi ni nani kwa yule mzee niliyesema simfahamu. Hakuna aliyenisema. Kule kunyamaza kwao ndiko kulinitoa kwenye kwaya, siyo barua. Sasa nakaa tena benchi la nyuma, na mume wangu ananiuliza kwa nini silali usiku, kwa nini sipokei simu za kaka, kwa nini kwetu naenda mara moja moja tu.

Siku ya matanga nilimfuata Masanja nyuma ya nyumba. Nilitaka kumwambia. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Unajua, kimfuko kilipopotea nilimshauri tuwaulize wale wa kwaya, labda kuna aliyekiokota. Akanikatalia kwa ukali. Akasema tusiwasumbue watoto wa watu."

Baba hakuwa mtu wa ukali na Masanja. Nadhani hakuwa amelala kule melini. Nadhani aliniona nikifungua kamba, akafumba macho akaniacha, kama alivyoniacha kule juu aliposema amenifananisha. Alifikiri nimeshika nini, nitakipeleka wapi, sijui. Labda alidhani nitakifungua.

Nikamwacha Masanja pale, nikarudi ndani. Sikusema.

Wacheza ngoma wa kwetu wametunga wimbo wa kumuaga manju wao. Kila baada ya mavuno wanauimba. Wanalilaumu ziwa, wanalitukana, wanaliita mwizi wa pumzi ya mzee. Mwaka huu nilikwenda Didia kuangalia kaburi, nikaukuta wimbo huo kwenye simu ya mtoto wa kaka yangu. Kaka akasema, "Sikiliza, dada, wanavyolitukana hilo ziwa!" Nikasikiliza mpaka mwisho, nikasema wimbo mzuri.

Wewe unayesoma, usinihurumie. Kama umewahi kusema uongo juu ya mzazi wako ili upendeze mbele za watu, rudi nyumbani leo ukaufute, kabla hajajitesa kuufanya kuwa kweli. Kama unaona haya ya baba kwa njuga zake, kwa pombe yake, kwa Kiswahili chake kibovu, mwite baba mbele za watu, hata sauti ikutetemeke. Na kitu cha mtu usichokijua, hata kama ulichapwa kwa ajili yake, kifungue kwanza.

Ziwa halikuiba kitu. Nililikabidhi mwenyewe, kwa mkono wangu, huku watu wakinipigia makofi.