Inchi Nne za Shangazi

Shangazi si mtu wa kukasirika ovyo. Ukimkanyaga kwenye foleni ya maji, yeye ndiye atakayekupa pole. Lakini mwambie kwamba jicho la wavu wake ni dogo, utajuta kumfahamu.

Kwa miaka ishirini na miwili amesuka nyavu katika chumba chake cha mbele, wavu umetundikwa kwenye msumari mmoja mkubwa ukutani, kigoda chini, redio dirishani. Kazi hiyo alifundishwa na baba mkwe wake, ambaye alimwachia pia kibao cha mti mgumu, chembamba, laini kama sabuni iliyotumika, chenye upana wa inchi mbili kamili. Uzi huzungushwa kwenye kibao, fundo linafungwa, kibao kinachomolewa. Kila upande wa jicho unakuwa inchi mbili, nalo likivutwa mpaka pande zake zikalala pamoja, kutoka fundo la juu hadi fundo la chini unapata inchi nne. Hizo nne ndizo sheria. Ziwa wanalovulia ni la nchi mbili, mpaka wake unapita majini penye maboya mekundu, na nchi zote mbili zilikubaliana kwamba jicho lisipungue hapo, ili samaki wachanga wapite.

Shangazi aliipenda sheria hiyo. Watu walipomwomba awasukie macho ya inchi tatu, aliwafukuza. "Nenda kavulie chandarua," aliwaambia. "Mimi siui watoto wa samaki."

Sasa sikiliza kilichompata mtu wa namna hiyo.

Jumanne asubuhi shemeji yake, mvuvi, aliingia bila hodi, suruali imelowa mpaka magotini.

"Shemeji, nyavu zimekamatwa."

"Za nani?"

"Zangu. Zako. Zote tisa. Yule afisa mpya wa hifadhi ya ziwa anasema macho ni ya inchi mbili. Saa nane anazichoma pale ufukweni."

Nyavu tisa! Miezi saba ya vidole vyake na vya binti yake. Zikichomwa, shemeji angekaa nchi kavu msimu mzima, na hakuna ambaye angemletea tena kazi fundi aliyetangazwa kuwa msuka nyavu haramu. Shangazi alichomoa kibao kwenye wavu uliokuwa msumarini, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka.

Ofisi ya hifadhi ilikuwa na meza mbili, kabati la chuma na birika la umeme. Afisa alikuwa kijana nadhifu, aliyehamishwa wiki tatu zilizopita kutoka uwanja wa mahema, upande wanakolala wageni. Mahema aliyajua: idadi yake, umbali kutoka majini, mahali pa takataka. Kuhusu nyavu alipewa rula na ubao mmoja wa tangazo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepimaje nyavu zangu?"

"Kwa rula. Fundo hadi fundo. Inchi mbili."

"Umepima ubavu, mwanangu. Jicho linavutwa."

"Ubao haujasema livutwe. Umesema inchi nne."

"Basi tazama." Shangazi akaweka kibao mezani. "Hiki ndicho kipimo. Kimesuka nyavu za ziwa hili tangu hujazaliwa."

Afisa akakipima kibao kwa rula, akatabasamu kama aliyeokota ushahidi njiani.

"Inchi mbili! Mama, umejileta mwenyewe." Akakifungia kabatini.

 Mkono wa kulia wa Shangazi haukujua pa kukaa. Mwizi hupewa nafasi ya kujieleza. Yeye ameeleza, na maelezo yake yametiwa kabatini! Akamkumbusha kwamba ng'ambo, katika nchi ya pili, maji yaleyale, nyavu zilezile zilikuwa zimekaguliwa juzi na kufungwa lebo ya njano ya ruhusa.

"Lebo ya ng'ambo ni ya ng'ambo," alisema afisa.

"Kwani samaki wanabadilisha uraia kwenye boya?"

Karani, dada mmoja aliyekuwa akigonga mihuri kwenye meza ya pili, alikohoa ili asicheke.

Saa nane watu walijaa ufukweni. Nyavu zilirundikwa mchangani, tatu zikiwa zimekatwa kwa kisu ili kupata vielelezo. Shangazi alipoona yale matobo, macho yalimwiva. Afisa alishika dumu la mafuta ya taa.

"Ngoja," Shangazi alisema. "Soma ubao ulio nyuma yako. Namba tano."

Ulikuwa ubao wa wapiga kambi. Afisa hakuhitaji kugeuka, aliujua kwa moyo. "Moto uwashwe ndani ya duara la mawe tu," alisema, sauti ikififia. Duara lenyewe lilikuwa pale, dogo kama beseni la kuogeshea mtoto.

"Azichome mmoja mmoja kama mahindi!" mtu akapiga kelele. Watu wakaangua kicheko.

Shangazi hakucheka. "Hiyo unaijua kwa sababu uliisoma. Ya uvuvi umeisoma wapi?"

Afisa akaweka dumu chini. Hapo karani akasogea na kijitabu cha makubaliano ya nchi mbili, kina duara la maji ya chai kwenye jalada. Kumbe miaka yote kilikuwa kimekaliwa na birika. Ukurasa wa sita ulikuwa na mchoro: mikono miwili imevuta jicho la wavu, na maneno "likiwa limevutwa."

Afisa alisoma mara mbili. Masikio yalimshuka.

"Haya, chukueni nyavu zenu," alisema polepole, akigeuka aondoke.

"Hatuchukui." Shangazi alikaa juu ya rundo. "Uliniita mvunja sheria mbele ya watu hawa. Kibao changu kirudi hapa. Tatu ulizokata, utaleta uzi. Halafu upime."

"Mama, yameisha."

"Kwako."

Karani alikwenda mbio kufungua kabati. Afisa akapiga magoti mchangani, akavuta jicho la wavu wa kwanza, akaweka rula.

"Nne," alinong'ona.

"Hawajasikia."

"Inchi nne!"

Shangazi akapokea kibao chake, akakifuta kwa kanga, akausukuma wavu wa pili mbele ya magoti ya afisa.

"Zimebaki nane," alisema.