Mito Inayoulisha Temsi

Miezi michache iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya maji hapa Songea, nasubiri kusema kwamba bomba letu la mtaa wa Msamala limekauka. Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Bwana mwenye tai, mgeni wa mji huu, alikuwa akimsaili mama mmoja aliyeomba kazi ya kulinda chanzo cha maji kule milima ya Matogoro. Ni mjane mwenye watoto wanne. Alinieleza mwenyewe pale benchini.

Bwana akasoma swali kwenye karatasi. "Taja mito mitatu inayoulisha mto Temsi, wa Uingereza."

Nikasema moyoni, kwisha habari yake.

Mama akatazama dari, akabana pua kama Mzungu mwenye mafua. "Luhaira. Luwegyu. Barangend."

Nikauma khanga nisicheke. Luhira, Luegu na Mbarang'andu, mito yetu wenyewe, kaivalisha suti.

Bwana akageuza karatasi mbele na nyuma. Majibu hayakuwamo. Akaweka alama tatu za vema, polepole, kama mtu aliyejua tangu zamani.

"Umewahi kufika huko, mama?"

"Huo wa kwanza nafulia nguo kila Jumamosi, baba."

Nikafumba macho. Kufumbua, kumbe bwana anatikisa kichwa kwa heshima, anaandika huku akijisomea kwa sauti: "Ameishi nje ya nchi."

Kazi kapata, na chanzo hakina taka siku hizi. Waingereza nao, Temsi ukipungua, wapande tu Matogoro. Mtu wao yupo, wamsalimie shikamoo kwanza.