Damu ya Kitoto

Nesi wa kliniki ndiye aliyetueleza, mimi nikimtafsiria mama, maana Kisukuma cha mama ni kingi kuliko Kiswahili chake. Alisema mtoto akiwa tumboni ana himoglobini yake ya kitoto, protini inayobeba hewa ndani ya damu. Akizaliwa, mwili unaifunga polepole na kuanza kutengeneza ya kikubwa. Mdogo wangu ana selimundu, na kwake ya kikubwa ndiyo mbovu: inazipinda chembe za damu kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, anaumwa mpaka anang'ata shuka. Ya kitoto haina ubaya huo. Vidonge alivyoanzishwa vilikuwa vya kuiamsha, na damu yake ingepelekwa kupimwa mara kwa mara ili kuona imepanda kiasi gani. Ikipanda, atapata nafuu. Isipopanda... Hapo nesi akaanza kupanga sindano ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kwa hiyo mnataka damu yake irudi utotoni?" nikauliza.

"Ndiyo, mwanangu. Na wataalamu bado wanatafuta dawa nyingine za kuifungulia."

Nikamtazama dogo. Umri miaka kumi na moja, mwili wa darasa la pili. "Mbona huyu hajawahi kutoka huko?"

Akanipiga teke chini ya benchi.

Basi nami nikaanzisha tiba yangu. Jioni nikitoka shule, mama anamfunga mgongoni kwangu kwa kanga. Mimi, kidato cha tatu, mwenye ndevu tatu, nampitisha mtaani kwetu Katandala nikimbembeleza. Kijiwe chote cha bodaboda kinapiga kelele: "Mnyamazishe mtoto!" Naye analia ng'ee, ng'ee, halafu anaomba kunyonya kwa sauti kubwa mbele ya washikaji zangu.

"Kaka, imepanda?"

"Imepanda sana. Umeshanikojolea."

Mama alitukemea kila siku kwamba huo ni upuuzi. Lakini kanga aliifunga yeye.

Sisi si watu wa baridi. Baba alituleta Ufipa na ng'ombe wake kutafuta malisho, na malisho tuliyapata. Hakuna aliyemwambia kwamba upepo wa Juni hapa unaingia mpaka kwenye uboho, na kwamba baridi ndiyo inayouchokoza ule ugonjwa. Dogo alivaa masweta matatu kwa mpigo. Nilimwita kabichi.

Asubuhi moja ya Juni aliamka ameshika kifua. Hakulia.

"Kaka, usinichekeshe," akasema. "Nikicheka panachoma."

Baba alikuwa ameshaondoka na ng'ombe. Mama akamfunga mgongoni kwangu kwa kanga mbili, nikatoka mbio.

Kijiweni wakatuona.

"Leo mtoto kaamka na njaa!"

"Mnyonyeshe basi, mama wee!"

Nikapaza sauti kwamba anaumwa kweli, nipakieni twende hospitali. Wakacheka zaidi, mmoja mpaka akalalia pikipiki yake. Nikaapa kwa Mungu. Wakapiga makofi. Nilikuwa nalia, na hata kulia kwangu walikuona kuwa ni kipande kipya cha mchezo.

Kisha mama akatokea nyuma yangu, miguu mitupu, kichwa wazi. Kicheko kilikatika kama umeme. Yule aliyekuwa akicheka kuliko wote ndiye aliyetupakia, akaendesha kama kichaa. Nilisikia pumzi ya dogo shingoni mwangu, fupi fupi, ya moto. Kabla hatujafika hospitali sikuisikia tena.

Baada ya mazishi nesi alikuja nyumbani. Alikaa kwenye mkeka karibu na mama, akasema majibu ya kipimo cha mwisho yamefika.

"Ilikuwa imepanda," akasema. "Dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi."

Mama akanigeukia nimtafsirie. Himoglobini sijui inaitwaje kwa Kisukuma. Nikamwambia ile damu aliyokuwa nayo tumboni mwako ilikuwa inarudi.

Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Baba, aliyekuwa ameegemea ukuta, akainuka, akasema anakwenda kuwaangalia ng'ombe. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa malishoni tangu asubuhi, na ni yeye mwenyewe aliyewafungulia.