Maziwa ya Kokoo, Jikoni kwa Anti

Jumamosi iliyopita, hapa Noonkopir, nilipika kadhi na watoto wa dada yangu. Ni ule mchuzi wa Kihindi wa maziwa lala na unga wa dengu. Mmoja alikoroga, mwingine akanusa kila kikopo cha viungo mpaka akapiga chafya. Mbegu za haradali zilipoanza kupasuka kwenye samli, nilisahau nilichokuwa nikiwaeleza. Nilibaki nimeshika mwiko, rafiki yangu, niko mbali sana na jiko langu.

Sikusomea upishi popote. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikipika naonja hadi chakula kinapungua, nikiandika nafuta hadi karatasi inatoboka. Nilikuwa hivyo hata utotoni, na Anti ndiye mtu mzima wa kwanza ambaye hakuniambia niache.

Anti alikuwa jirani yetu, mke wa Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila Jumamosi mama alinituma nimpelekee maziwa yaliyotoka kwa nyanya yangu kule Kisaju, tuliyemwita Kokoo. Watoto wote wa ploti walinifuata, kwa sababu walijua tutabaki jikoni. Viatu mlangoni, mikono kwa sabuni, kisha tunakaa sakafuni. Alikuwa na bati la mviringo lililojaa vikopo vya viungo, na alitufumba macho tunuse na kutaja. Alitufundisha kusukuma thepla, chapati zake za manjano zenye majani ya uwatu. Zangu zilitoka na pembe, na machozi yakanijaa. "Tumbo haina macho," aliniambia. "Kula."

Katika nyumba ile nyama haikuingia, wala yai. Tulilijua hilo kama tulivyojua kuvua viatu.

Siku moja Anti akasema anataka kumwona mwenye ng'ombe wa maziwa hayo. Mama akampigia Kokoo simu: kuna mgeni wa heshima anakuja. Hakusema zaidi, akaenda sokoni kuuza. Tulipofika Kisaju kwa pikapu ya duka, nilisikia harufu kabla sijashuka. Kokoo alikuwa amechinjisha mbuzi.

Kwetu, kuchinjiwa ni kuambiwa kwamba wewe ni mtu. Kukataa nyama hiyo ni kumkataa aliyeitoa. Anti hakuhitaji kuelezwa. Alinishika mkono.

"Nitakula kidogo tu," alininong'oneza. "Siwezi aibisha mama mzima kwa nyumba yake."

Maisha yake yote hakuwa amewahi kuonja nyama.

Hapo nikakumbuka mwiko wa Kokoo mwenyewe. Maziwa na nyama havikutani katika tumbo moja siku moja. Ukinywa maziwa, nyama ni ya kesho. Ndiyo maana siku hiyo hakuwa ametupa maziwa, yeye ambaye kwake mgeni hakai kabla hajapewa kikombe. Alikuwa analiweka tumbo la mgeni tayari kwa mbuzi. Kibuyu cha maziwa kilining'inia nyuma ya mlango. Sikuomba ruhusa. Nilimimina, nikamwaga mengine kwenye kiatu changu, nikampa Anti.

"Kunywa yote."

Alinitazama, akanywa yote.

Kokoo aliingia na sinia ya mbavu. Aliona kikombe kitupu, kisha akaniona mimi.

"Nani amepatia mgeni maziwa?"

"Ni mimi, Kokoo."

Kokoo akamgeukia Anti. "Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana, mama. Iko na harufu ya moshi."

"Basi nyama hapana yako leo."

Aliipeleka sinia nje kwa wajomba zangu. Aliporudi alijimiminia kikombe chake, akakaa karibu na Anti, magoti yao yakigusana. Mbuzi wake mwenyewe hakumwonja siku hiyo. "Mgeni hapana kunywa peke yake," alisema.

Kama alielewa, hakuniambia. Ila Anti aliporudi mara ya pili hapakuwa na harufu ya nyama. Kibuyu kilikuwa kimesafishwa kwa kaa la moto, kimejaa, kinasubiri. Anti alikuja na bati lake akapika kadhi palepale mafigani. Kokoo alitazama maziwa yake yakitiwa pilipili. "Hii ni maziwa ama ni dawa?" aliuliza, halafu akaomba ya pili.

Sasa Kokoo amezikwa Kisaju, na malisho yake yamekuwa ploti zenye kuta za mawe. Anti na mumewe waliuza duka wakawafuata watoto wao ng'ambo. Kadhi yangu ni ya maziwa ya pakiti, haina moshi. Nimejaribu kuutafuta moshi huo kwa kila njia, na siku moja nikaunguza sufuria nzima. Haufiki.

Jumamosi, watoto walipomaliza kuramba bakuli, mdogo alifungua friji.

"Anti," aliniita, maana sasa jina hilo ni langu, "tunaweza kula na soseji?"

Nilitaka kumweleza yote. Nikaona nitaanza vibaya, nirudie, nijisahihishe.

"Leo umeshakula maziwa," nilimwambia. "Nyama ni ya kesho."

Akafunga friji, akaketi tena sakafuni, karibu yangu.